Matone yanateleza, kutu inaendelea: kusoma dalili za kinga ya chuma

Geti lilikuwa Kigamboni, Dar es Salaam, mwendo mfupi tu kutoka ufukweni, la skwea paipu na bati katikati. Nililipaka mwenyewe: redoksaidi (praima, yaani rangi ya kwanza inayogusa chuma) mkono mmoja, maana yake mara moja, rangi ya mafuta mikono miwili, kisha juu yake nikapuliza dawa ya kufukuza maji ya kopo la spreyi. Siku ya kukabidhi, mama mwenye nyumba alishika mpira wa maji akalimwagia. Matone yakakimbia kama shanga zilizokatikiwa uzi. Akafurahi, nami nikafurahi. Kabla masika hayajaisha akanipigia simu: "Fundi, maji yanateleza vizuri tu, lakini geti linaoza."

Alikuwa anasema kweli. Nilimwagia maji nikaona matone bado yanakimbia, na chini ya matone hayo rangi imetunga malengelenge, mengine makubwa kama shilingi. Tangu siku ile nimekuwa naangalia kazi za rangi ya chuma kwa jicho lingine, zangu na za wenzangu, kuanzia Bagamoyo mpaka Kilwa. Jambo ninalotaka mwenye nyumba na fundi mwenzangu walishike ni hili: tone linaloteleza linakupa habari za ngozi ya juu peke yake. Kutu haianzii juu. Inaanzia pale rangi inapogusana na chuma, na kilichoachwa pale siku ya kwanza ndicho kinachoamua.

Hakuna rangi inayozuia mvuke wa maji kabisa. Mvuke na hewa hupenya kidogo kidogo kwenye kila rangi, hata ile ghali. Rangi inayolinda ni ile iliyoshikana na chuma kiasi kwamba mvuke ukifika chini haupati nafasi ya kukaa na kuwa maji, wala haukuti chumvi ya kuyeyusha. Dawa ya kufukuza maji inasaidia kweli, kwa sababu inapunguza muda ambao chuma kinakaa kimelowa. Lakini ni msaidizi, haiwezi kubeba kazi ya rangi iliyo chini yake.

Kabla hujakwangua chochote

Usikimbilie msasa. Ukishakwangua umefuta ushahidi. Chukua wembe, kitambaa cheupe na cheusi, kipande cha selotepu, nyundo ndogo na chupa ya kupulizia maji. Chagua mahali pabovu, na chagua pia mahali panapoonekana pazima. Pale pazima chora kwa wembe mistari sita hivi iliyosimama na sita iliyolala, mpaka ufike kwenye chuma, ipatikane kama nyavu ndogo. Bandika selotepu, ikandamize kwa kidole, kisha ing'oe kwa mara moja. Vipande vya rangi vikiondoka na selotepu, hata penye uzima pamekwisha kushindwa na kurekebisha madoa peke yake ni kupoteza pesa. Visipoondoka, unaweza kutibu sehemu zilizoumia tu.

Maji hayatengenezi tone tena, yanatandaa

Hii ndiyo inayowatisha wengi, na mara nyingi ndiyo nyepesi kuliko zote. Vumbi, moshi wa magari na ukungu wa chumvi vikitanda juu ya kinga, maji yanashika uchafu badala ya kushika kinga. Osha kwa maji baridi na sabuni ya vyombo, suuza, acha pakauke, kisha puliza maji tena. Tone likisimama duara, kinga ipo. Likiendelea kutandaa, ngozi ya juu imelika na jua au imesuguliwa.

Hapa inafaa ujue ulichopaka ni nini. Nta ya magari inadumu wiki kadhaa mpaka miezi michache kwenye jua la pwani. Zenye silikoni hukaa zaidi. Kisha kuna zile mpya zinazofanya tone livingirike bila hata kulowesha, zilizoiga majani. Wataalamu wawili wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, walieleza mwaka 1997 jinsi jani la yungiyungi la Asia linavyojisafisha: lina vinundu vidogo mno vilivyofunikwa nta, na tone linakaa juu ya vinundu hivyo likiwa limebebwa na hewa. Huna haja ya kwenda mbali kuliona jambo hili. Mwagia maji jani la gimbi nyuma ya nyumba uone. Halafu lisugue jani hilo kwa kidole gumba mara kadhaa, umwagie tena. Pale uliposugua maji yanashika. Ndivyo ilivyo kwa spreyi za aina hiyo kwenye chuma: vinundu vikisagika kwa mkono, kwa ufagio, au kwa mchanga unaopeperushwa na upepo wa kusi, nguvu imekwisha. Usizipake kwenye kitasa cha mlango wala kwenye reli ya ngazi. Zinafaa mahali pasipoguswa.

Na jina ambalo kila gereji inalo, WD-40. Ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953 kwa ajili ya kuondoa maji na kuzuia kutu, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kwenye ngozi ya nje ya makombora ya Atlas. Herufi WD ni kifupi cha Kiingereza cha kuondoa maji ("Water Displacement"), na 40 ni jaribio la arobaini lililofaulu. Ni dawa nzuri ya kusukuma maji yatoke kwenye nati au bawaba. Kama kinga ya kudumu ya geti linalonyeshewa, haifai.

Malengelenge

Toboa moja kwa ncha ya wembe, taratibu, ukiwa umeweka kitambaa cheupe chini yake. Yaliyomo ndani ndiyo jibu.

Maji yakitoka, na sakafu ya lengelenge ikiwa chuma chenye kutu nyeusi au ya kahawia, hiyo ni chumvi. Ilikuwa juu ya chuma kabla rangi haijapakwa. Rangi iliifunika, nayo ikawa inavuta mvuke kupitia kwenye rangi mpaka maji yakajaa chini yake na kuinyanyua. Hivi ndivyo geti la Kigamboni lilivyokufa. Chuma kilikaa wiki nzima nje ya karakana kikipigwa na upepo wa bahari, mimi nikakipiga msasa na kukipangusa kwa kitambaa kikavu. Kwa macho kilikuwa kisafi. Chumvi haionekani, na msasa hauitoi: unaisaga na kuizamisha kwenye mikwaruzo.

Chumvi inatolewa kwa maji. Osha chuma kwa maji mengi na brashi ngumu kabla ya msasa, kisha osha tena baada ya msasa, halafu kaushe haraka. Na hapa kuna mtego ambao umenigharimu: maji ya kisima. Visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina maji ya chumvi, ndiyo maana sabuni haitoi povu. Ukioshea chuma maji hayo umekirudishia kile unachokiondoa. Tumia maji ya bomba au ya mvua uliyokinga. Ndoo mbili za maji ya mvua zinatosha geti zima ukitumia kwa mpango, na usishike chuma kilichooshwa kwa mikono mitupu, maana jasho nalo lina chumvi.

Lengelenge likiwa kavu, na sakafu yake ni praima iliyo salama, sababu ni nyingine. Ama rangi ya juu ilipigwa kabla ya chini haijakauka na thina ikanaswa, ama ilipakwa juani saa saba mchana kwenye bati lenye moto wa kuunguza mkono: ngozi ya juu ikakauka upesi, mvuke wa thina ukakosa pa kutokea. Haya yanatibika kirahisi. Kwangua mpaka kwenye praima iliyoshika, lainisha kingo, paka upya asubuhi chuma kikiwa kimepoa lakini umande umekwisha.

Rangi inabanduka kama karatasi

Unashika ncha, unavuta, inatoka kipande kizima, na chini yake chuma kinang'aa bila kutu. Kama ni bati la zinki au bomba lenye zinki, sihitaji hata kuuliza rangi gani ilitumika. Ni ya mafuta. Mafuta yaliyomo kwenye rangi hiyo yanakutana na zinki na kugeuka kuwa sabuni. Ndiyo, sabuni hasa, tabaka jembamba linaloteleza kati ya rangi na bati. Inachukua miezi, mara nyingine zaidi ya mwaka, kwa hiyo fundi anakuwa ameshalipwa na kuondoka.

Dawa yake haina njia ya mkato. Rangi yote ya mafuta itoke. Osha bati kwa maji ya sabuni, kwaruza kidogo kwa msasa laini bila kuila zinki, kisha paka praima iliyoandikwa wazi kwenye kopo kuwa ni ya mabati ya zinki, iwe ya maji au epoksi, ile rangi ngumu ya makopo mawili yanayochanganywa. Usidanganyike na mwenye duka anayekuambia redoksaidi inafaa chuma chochote.

Ukikuta unga mweupe juu ya bati jipya, hasa mabati yaliyopangwa pamoja yakanyeshewa, huo ni ulikaji wa zinki yenyewe. Usipake juu yake. Toa kwa brashi ya nailoni na maji, na siku nyingine panga mabati yakiwa yameinama kidogo, na vipande vya mbao katikati, hewa ipite.

Kutu inaanzia kwenye kona na kwenye viungo

Ukiweka jicho karibu na grili yoyote ya miaka mitatu utaliona jambo hili: nyuso bapa nzima, kingo zote zina mstari wa kahawia. Rangi ikiwa mbichi inajivuta kutoka kwenye ncha kali na kukimbilia kwenye ubapa, kwa hiyo mahali panapoumia zaidi ndipo penye rangi nyembamba kuliko kote. Pitisha kidole kwenye ukingo wa fletibaa iliyokatwa na grainda. Kama unakaribia kukukata, hauwezi kubeba rangi.

Vunja makali kwa tupa au diski ya msasa mpaka ukingo uwe mviringo kidogo, kiasi cha milimita 2. Kisha, kabla ya kupaka uso mzima, pitisha brashi ndogo kwenye kingo zote, kwenye viungo vyote vya kuchomelea na kwenye vichwa vya bolti. Iache ikauke, ndipo upige mkono wa jumla. Inaongeza labda nusu siku ya kazi. Kama kuna hatua moja ambayo ningewaomba wateja wakubali kuilipia, ni hii.

Kwenye viungo angalia gamba la kuchomelea. Lile gamba jeusi la kioo linalobaki juu ya mshono likipakwa rangi bila kugongwa, litang'oka siku yoyote na rangi yake. Ligonge, sugua, ng'oa pia vile vidonge vya chuma vilivyoruka pembeni. Mshono wa vipande vipande, pale fletibaa imeshikizwa kwa nukta tu juu ya paipu, una mwanya ambao maji yanaingia na brashi haifiki. Machozi ya kahawia yanayotiririka kila baada ya mvua yanatoka humo. Kuyapaka juu ni bure. Chomelea mshono mzima au ujaze mwanya kwa siilanti (dawa ya kuzibia nyufa) inayokubali kupakwa rangi, isiyo ya silikoni.

Na kama kutu inatokea chini ya paipu bila sababu yoyote ya nje, gonga kwa nyundo kuanzia juu kushuka. Sauti ikibadilika, kutoka mlio kuwa kishindo kizito, ndani kuna maji au chuma kimeliwa. Kwenye lile geti nilitoboa tundu chini ya nguzo, yakatoka maji ya kahawia yenye vipande vya kutu, yalikuwa yameingia kwa juu ambako paipu haikuzibwa. Ziba juu, toboa chini. Tundu la milimita 6 linatosha.

Nukta nyingi ndogo za kutu, kama upele

Zikiwa zimetapakaa upande mmoja tu, kumbuka ni nani aliyetumia grainda karibu. Cheche zake ni vipande vya chuma vya moto, vinatua kwenye rangi na kujichoma humo, mvua ya kwanza vinaota kutu. Rangi haina kosa. Sugua kidogo kwa msasa wa maji, osha, paka mkono mmoja. Siku zijazo funika kwa turubai kabla mtu hajawasha mashine.

Zikiwa kila mahali, rangi ni nyembamba. Hesabu ni rahisi na kila fundi anaweza kuifanya. Lita 1 ya rangi ikitandazwa kwenye mita za mraba 10 inatoa unene wa mikroni 100 ikiwa mbichi (mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita). Kama nusu ya ujazo wake ni thina inayopotea hewani, inabaki mikroni 50, ambayo ni pungufu ya unene wa unywele wa wengi wetu. Fundi akiinyoosha lita hiyo mpaka mita 20, zinabaki 25. Chuma cha karibu na bahari kinahitaji jumla ya mikroni 200 na zaidi, mikono yote ikihesabiwa. Basi mtu akikuambia lita 4 zinatosha mageti matatu mikono mitatu, pima eneo umfanyie hesabu hii mbele yake.

Rangi inakimbia na kuacha macho ya samaki

Unapaka, rangi inajitenga na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki. Hapo ndipo kinga ya zamani ya kufukuza maji inapokugeuka. Silikoni haichagui: inafukuza maji, na inafukuza rangi yako mpya vilevile. Mafuta ya grisi na WD-40 yanafanya hivyo hivyo.

Kosa ni kupiga msasa kwanza. Msasa unaisambaza na kuizamisha. Kwanza futa kwa kitambaa kilicholowa thina, na kabla haijakauka fuata kwa kitambaa kingine kikavu na kisafi kinachoinyanyua. Ukitumia kimoja unaihamisha tu kutoka hapa kwenda pale. Badilisha vitambaa mara kwa mara, rudia mpaka maji ukiyapuliza yatandae sawasawa. Hapa, tofauti na kote, maji yakitandaa ndiyo furaha yako. Ndipo upige msasa.

Mengine kwa ufupi

Epoksi yenye makopo mawili ikibaki inanata baada ya siku kadhaa, hadina, yaani kopo la kigumishi, ilikosewa kipimo au haikukorogwa mpaka chini ya kopo. Hakuna dawa ila kuikwangua yote. Ikikauka lakini ina utelezi kama mafuta juu yake, ni unyevu wa hewa: ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya mkono unaofuata. Epoksi ikitoa unga mweupe ukipitisha kitambaa cheusi, jua limeila juu. Kwa kawaida bado inalinda chini, ila ilitakiwa ifunikwe kwa poliyurethani, rangi ya juu inayostahimili jua.

Kutu kuzunguka bolti peke yake, wakati bolti yenyewe inang'aa, maana yake umefunga bolti ya chuma kisichoshika kutu kwenye chuma cha kawaida, na penye maji ya chumvi chuma cha kawaida ndicho kinacholiwa. Weka washa ya plastiki na paka rangi vyote viwili. Ukipaka chuma cha kawaida peke yake, mchubuko mdogo utaliwa kwa kasi zaidi.

Chuma ulichosafisha kikigeuka rangi ya chungwa ndani ya saa chache, usipake juu yake kwa kutumaini praima itaimeza. Sugua tena, upake siku hiyo hiyo. Wataalamu wa rangi za meli wanataka unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 85 na chuma kiwe na joto la nyuzi 3 juu ya lile ambalo umande hutunga. Usipokuwa na vipimo, pangusa sehemu ndogo kwa kitambaa chenye maji: pakikauka ndani ya robo saa, endelea. Pasipokauka, subiri. Kwetu, alfajiri hakupakwi.

Rangi ya zamani ya chungwa au nyekundu kwenye majengo ya miaka mingi inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiipige msasa mkavu, usiichome kwa gesi, na watoto wakae mbali. Lowesha, vaa barakoa, kusanya mabaki yote.

Geti la Kigamboni nililirudia kwa gharama yangu. Lilivuliwa mpaka chuma, likaoshwa kwa maji ya mvua mara mbili, kingo zikavunjwa, praima yenye unga wa zinki ikagusana na chuma kitupu (juu ya rangi ya zamani ingekuwa haina kazi), epoksi mikono miwili, poliyurethani mkono mmoja. Dawa ya kufukuza maji nilipuliza mwisho kabisa, rangi ikiwa imekomaa wiki mbili. Mama huyo sasa analiosha kwa maji ya bomba kila mwisho wa mwezi, na mara mbili kwa mwaka anarudishia dawa, kama wenye majahazi walivyokuwa wakirudishia sifa, yale mafuta ya samaki, kwenye mbao zao. Kwa ndani, karibu na bawaba, nimeandika kwa kalamu ya rangi: aina ya praima, idadi ya mikono, tarehe, na neno "silikoni" kwa herufi kubwa, ili fundi atakayekuja baada yangu ajue aanze na vitambaa viwili.